Ngitili ya Kaka Yangu Niliiandika "Pori"

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka themanini na moja. Macho yamepungua nuru lakini mkono bado unashika kalamu. Nimekataa mtu aniandikie habari hii. Nimetaka niiandike kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu mkono huu huu ndio uliotenda kosa...

Ninaishi Samuye, kwa binti yangu Doto. Napata chakula kwa wakati, wajukuu wananiamkia kila asubuhi, na jirani akipita husema, "Mzee huyu amestarehe." Laiti angejua!

Nilizaliwa pembeni ya mji wa Shinyanga, mtoto wa mwisho wa mfugaji. Baba alifariki nikiwa mwanafunzi mdogo. Kaka yangu Masanja, aliyenizidi miaka kumi na miwili, ndiye aliyechukua nafasi yake. Yeye hakukanyaga darasa hata siku moja. Kila mwaka ada ilipotakiwa, aliswaga ng'ombe kwenda mnadani na kurudi na fimbo tu mkononi. Ndivyo nilivyomaliza darasa la kumi na mbili katika miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati waliofika huko kwetu walikuwa wa kuhesabika.

Nikapata kazi ya ukarani katika kiwanda cha kuchambua pamba. Nikaoa. Mke wangu akajifungua mapacha, Kulwa na Doto, na tangu siku hiyo nikaitwa Baba Kulwa. Kaka akanimegea sehemu ya ardhi ya familia.

"Jenga hapa, ubavuni mwa ngitili," aliniambia. "Watoto wapate kivuli cha kuchezea."

Kwa wasioijua, ngitili ni eneo la nyasi na miti ambalo familia ya Kisukuma hulifunga masika yote ng'ombe wasiingie. Halina ukuta wala waya. Watu wanaambiana tu kwamba hapa pamefungwa, na wanaheshimu. Kiangazi kikikolea, nchi nzima imekauka na ng'ombe wanatokeza mbavu, mwenyewe anaifungua. Ngitili ile ndiyo iliyowavusha ng'ombe walionisomesha.

Katikati yake ilipita njia ya miguu. Ilianzia barabarani, ikapita pembeni ya nyumba yangu, ikapenya kati ya migunga na mikwaju mpaka kwenye lambo, ikatokea zahanati ya misheni. Kaka hakuwahi kumzuia mtu. "Niliowakataza ni ng'ombe," alikuwa akisema. "Watu sijawakataza."

Basi Jumapili baada ya misa ungewaona watu wa mjini wakitembea humo polepole, wamevaa nguo zao nzuri. Makarani, walimu, wachumba waliokuwa bado wanaoneana haya. Na wote walipita mbele ya kibaraza changu wakisalimia!

Nyumba yangu haikuwa ya ajabu. Matofali ya kuchoma, bati, sakafu ya saruji, na vyumba vitatu vya kupangisha uani. Mtaa wa pili, karibu na mnada, kulikuwa na nyumba zenye saruji nzuri kuliko yangu, tena zina umeme. Lakini vyumba vyake vilikaa vitupu miezi na miezi. Vyangu vilikuwa na watu wanaongoja zamu, na kodi yangu ilikuwa juu ya ile ya mtaa ule. Mpangaji akihama asubuhi, mchana mwingine ameleta godoro.

Mimi nilidhani ni kwa sababu ya rangi. Kila mwaka nilipaka kuta rangi mpya, halafu nasimama barabarani nikijisifu moyoni.

Mke wangu alinicheka. "Baba Kulwa, hawa wanapanga miti. Chumba wanapewa nyongeza."

"Miti iko bure," nikamjibu. "Nani atalipia kitu cha bure?"

"Muulize nesi."

Nesi Anastazia alikuwa mpangaji wa chumba cha katikati, mfanyakazi wa ile zahanati. Nikamwuliza kwa mzaha. Akaniambia kwamba akitoka zamu na kupita njia ile, anafika nyumbani ameshasahau vilio vya wagonjwa. Nilicheka... Nikaona ni maneno ya wanawake. Elimu yote ile niliyosomeshwa, na jambo lililokuwa mlangoni kwangu sikuliona!

Ikafika miaka ya themanini. Sabuni shida, sukari shida, mshahara wa ukarani hautoshi. Lakini upande wa Geita watu walikuwa wanachimba dhahabu kwa sururu na moko, zile patasi za kupasulia mawe, na baadhi yao walipata. Mmoja wao aliitwa Shija, mtu wa machimbo ya Nyarugusu. Alikuja na mkewe, Mama Tabu, akitafuta nyumba ya kununua mjini.

Walikaa kibarazani kwangu. Mama Tabu akaomba ruhusa atembee kidogo, akaifuata ile njia hadi lambo. Aliporudi alikuwa amefungasha matunda ya furu kwenye pindo la kanga, na midomo imekuwa myeusi kama ya mtoto.

Shija akacheka hadi akakohoa. "Tangu nimuoe huyu, sijamwona akitembea bila kulalamika! Mzee wangu, sisi kwetu ukifungua dirisha unaona shimo. Ukifungua la pili, unaona shimo la jirani."

"Na vumbi," mkewe akaongeza. "Usisahau vumbi. Ugali wetu una rangi ya chai."

Shija akanitajia bei. Wasomaji, sikuwahi kuota bei kama ile! Nyumba za mtaa wa mnada zingeuzwa mbili nisifike hapo. Kisha akatamka maneno yaliyonipoteza. Alisema ana wenzake watano huko machimboni, wote wanataka kuzitoa familia zao mashimoni. "Ukipata nyumba nyingine kama hii, usimwambie mtu. Niite mimi. Nakupa miaka miwili."

Kwa nini sikumuuzia ile moja nikashukuru Mungu? Kwa nini?

Sikulala vizuri wiki nzima. Nikitazama ngitili ya kaka, sikuona tena nyasi wala miti. Niliona mapaa ya bati. Moja, mbili, tatu... Nikajiambia kwamba nyumba zikijengwa pale penyewe, katikati, si zitakuwa na thamani hata kuliko yangu iliyo pembeni? Hesabu ya mtu msomi hiyo!

Mwaka huo huo mji ulikuwa unapanuliwa. Kila mwenye ardhi upande wetu akapewa fomu aeleze anaitumiaje. Mwenye makazi, shamba au malisho angesikilizwa kwanza. Pori lilihesabiwa halina mwenyewe. Lingepimwa viwanja, na atakayeomba atapewa.

Kaka aliniletea fomu yake alasiri moja, ameifunga kwenye kitambaa safi. Akavua makatambuga yake mlangoni, akaketi. Angempelekea nani mwingine? Nyumba nzima ya baba yetu, msomi alikuwa mimi.

Nikaanza kujaza. Jina. Kijiji cha asili. Idadi ya watoto. Nikafika kwenye mstari wa matumizi ya ardhi, kalamu ikasimama.

"Mbona umekwama?" akaniuliza. "Ngitili ni neno gumu kuandika?"

"Nalitafutia Kiswahili chake, kaka."

"Kipo?"

"Kipo."

Nikaandika: Pori.

Alinyoosha shingo akatazama. Hakujua kusoma, lakini alijua kirefu na kifupi. Akacheka. "Fupi hivyo! Kiswahili ni lugha ya watu wenye haraka. Haya, soma nisikie."

Nikasoma kwa sauti ya karani: "Ngitili ya malisho ya familia."

Maneno matano nilisoma, na kwenye karatasi lilikuwako moja... Kisha akanipa mkono wake, nikaupaka wino, nikakibonyeza kidole gumba chake pale chini.

"Wabeja, mdogo wangu," akasema. Kwa Kisukuma ndiyo asante. Alinishukuru!

Siku kadhaa baadaye nikapeleka maombi yangu ya viwanja, mengine kwa majina ya watoto wangu. Nikapata vinne. Nikaajiri watu wa shoka. Mke wangu aliposikia miti inaanguka alitoka nje na unga mikononi.

"Baba Kulwa, nani ameagiza haya?"

"Serikali," nikamwambia. Mnaona? Uongo wa kwanza ulikuwa umeshazaa wa pili. Serikali haikuniagiza kukata hata mti mmoja. Wale wenye shoka, ni mimi niliyewalipa.

Kiangazi kilipokolea, kaka alikuja na ng'ombe wake kufungua ngitili, kama alivyofanya kila mwaka tangu baba afariki. Akakuta visiki, na bwana mpima amesimama na kamba. Mimi nilikuwa kazini, lakini nilisimuliwa na zaidi ya watu watatu, na wote walisimulia sawasawa.

Kaka alimwamkia yule kijana vizuri, akamweleza kwamba kuna makosa, kwamba eneo hili ni ngitili, na mdogo wake karani aliandika hivyo kwenye fomu. Bwana mpima hakuwa mtu mbaya. Alifungua faili, akaitafuta karatasi, akaisoma mbele ya watu wote.

"Mzee, hapa pameandikwa pori. Na hiki kidole gumba, si chako?"

Walisema kaka alikitazama kidole chake kwa muda mrefu. Kisha akawageuza ng'ombe.

Jioni, jua halijazama, alifika kwangu. Nilimwamkia, "Shikamoo kaka." Hakuitikia. Hakuketi. Alikuwa ameiazima ile karatasi, sijui alimbembeleza vipi yule mpima, akanipa.

"Nisomee tena," akasema.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Kulwa na Doto, wakati huo wasichana wakubwa, walikuwa wanatazama. Ningeweza kudanganya tena?

"Pori," nikasoma.

"Endelea."

"Imeishia hapo, kaka."

"Kumbe kusoma unajua," akasema. "Nilidhani ng'ombe wangu walikwenda bure."

Hakupiga kelele. Hakunilaani. Angenipiga kwa ile fimbo yake ningeshukuru hadi leo! Aliikunja karatasi, akamkabidhi mke wangu kwa mikono miwili, akaondoka.

Mke wangu alinigeukia. Alisema kwamba miaka yote alidhani ameolewa na mtu mwenye tamaa kidogo, kama watu wengine wote. Hakujua ameolewa na mwizi wa nyumbani. Tangu siku ile alinipikia na kunifulia, lakini maongezi yalikwisha kati yetu mpaka alipofariki.

Bila ngitili, ng'ombe wa kaka hawakuwa na mahali pa kumalizia kiangazi. Akakusanya familia na mifugo, wakaelekea magharibi, upande wa Bukombe, kutafuta nyasi. Nilisikia kwamba ng'ombe wengi waliangukia njiani. Nilisikia pia kwamba shemeji, mkewe, aliugua safarini na hakupona vizuri tena. Mimi? Nilikuwa nanunua saruji.

Sasa sikilizeni jinsi dunia ilivyonifundisha.

Mvua za kwanza baada ya kukata miti zilikuja kwa hasira. Au labda zilikuja kama siku zote, ila hapakuwa na kitu cha kuzipunguza. Maji yaliifuata ile njia ya miguu, kwa kuwa udongo wake ulishashindiliwa na nyayo za watu, yakaichimba. Msimu mmoja tu, njia ikawa korongo. Mtu mzima akisimama ndani huoni kofia yake! Lambo likajaa mchanga, likawa uwanja.

Mvua zilipokatika ikaja zamu ya upepo. Zamani ulikuwa unaishia kwenye migunga. Sasa ulitoka ulikotoka hadi chumbani kwangu. Vumbi kwenye maziwa, vumbi kwenye mito, vumbi kwenye daftari za watoto. "Tufunge mlango gani?" mke wangu alikuwa akiuliza ukuta na dirisha. Mimi hakuniuliza.

Nesi Anastazia alikuwa wa kwanza kuhama. Aliniaga kwa heshima, akasema amepata chumba karibu na mnada. Chumba chenye umeme, tena kodi ndogo! Wa pili hakuaga. Chumba cha tatu kikakaa kitupu, nikapunguza kodi, nikapunguza tena, akaja mtu mmoja, akakaa mwezi, akaondoka akisema kifua kinambana.

Watu wa Jumapili nao wakatoweka. Nani atavaa nguo zake nzuri aende kutembea kwenye korongo?

Nikajipa moyo na ahadi ya Shija. Nyumba mbili za ndani ya ngitili nilikuwa nimezimaliza. Mbili zilikuwa zimeishia kwenye linta, mifuko ya saruji imeniishia. Nikamtumia ujumbe Nyarugusu: njoo, nyumba zipo.

Akaja na mkewe na wenzake wawili. Nilikuwa nimepaka rangi mpya kila ukuta. Nimevaa suti yangu ya harusi. Nikatangulia mbele, nikifungua milango, nikieleza saruji, mbao, bati la geji nzito...

Mama Tabu hakuingia ndani. Alisimama nje, kanga ameibana puani. "Ile njia iko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha korongo. Ningemwonyesha nini kingine?

Shija alitazama chini ya korongo, akatazama visiki, akatazama vumbi linavyocheza juu ya mapaa. Kisha akaanza kucheka, na wenzake wakacheka.

"Mzee wangu, umeihamishia Nyarugusu hapa! Mashimo na vumbi ninavyo kwangu, tena vya bure. Nitoe dhahabu yangu ninunue hivi?"

"Nyumba ni nzuri," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeomba. "Angalia nyumba, bwana Shija. Tena hii ya kwanza ni ile ile uliyoitaka."

"Nyumba naiona. Nyumba hata mimi naweza kujenga. Ila ile uliyokuwa nayo huwezi kuijenga, wala mimi siwezi."

Mmoja wa wenzake, mtu wa utani, akaokota kibonge cha udongo ukingoni, akakilamba kama wanavyopima mawe huko kwao. "Hata dhahabu haina," akasema. Wakacheka tena. Walikuwa hawana nia mbaya, walikuwa watu wachangamfu tu. Nami nilicheka pamoja nao, nikiwa nalia ndani kwa ndani!

Zile nyumba zilibaki. Mbili za linta ziliporomoka polepole, watu wakaja kuchukua matofali na sikuwazuia. Ile ya kwanza, nyumba iliyokuwa na foleni ya wapangaji, niliiuza mwishoni mwa miaka ya themanini kwa mtu wa mkaa. Ndiye pekee aliyejitokeza. Aliifanya ghala. Bei aliyonipa isingetosha kununua milango yake.

Pesa hiyo niliitia mfukoni yote, nikapanda lori kwenda Bukombe. Nilitaka kumpa kaka. Nilishuka Runzewe, nikaulizia kwa wafugaji, nikatembea tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Nikamkuta ameketi nje ya nyumba ya nyasi, amekonda, kichwa kimekuwa cheupe chote.

Nikapiga goti. "Shikamoo kaka."

"Marahaba, mgeni," akaitika.

Akawaita wajukuu zake. "Leteni kigoda. Mgeni wetu huyu anatoka Shinyanga, ametembea sana. Mleteeni na maziwa."

Watoto wakaniletea maziwa wakiwa wamepiga magoti, wakaniita mgeni. Kaka akaniuliza habari za mvua za huko. Akaniuliza bei ya pamba. Aliniuliza mambo yote ambayo mtu mwema humwuliza mpita njia! Nikatoa bahasha, nikaanza kueleza, nikaanza kulia. Akaisukuma taratibu kwa vidole viwili ikarudi upande wangu.

"Mgeni hatozwi kitu hapa," akasema.

Nililala kwake. Nilipewa kitanda, yeye akalala chini kwenye ngozi. Asubuhi alinisindikiza hadi barabara kubwa, akasimama nami mpaka lori likaja, akanitakia safari njema. Jina langu hakulitaja. Wala neno "mdogo wangu" hakulisema.

Niliandika barua nne. Sijui nani alimsomea, au kama alisomewa. Miaka michache baadaye mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alinipa habari njiani, akidhani naijua. Kaka Masanja alikuwa amezikwa miezi mitatu iliyopita. Wanawe hawakunipelekea taarifa. Ningewalaumu vipi? Nani hupeleka taarifa ya msiba kwa mgeni aliyelala siku moja?

Wasomaji wenzangu, nimekubali kosa langu lote. Sikushawishiwa na mtu. Shija alitaka nyumba, hakuniambia niibe. Mke wangu alinieleza thamani ya nyumba yetu iko wapi, nikamcheka. Na kaka... Kaka hakunikosea kitu chochote duniani.

Mwenye nyumba iliyo karibu na miti, au nyasi, au kijia tu ambacho watu wanapenda kupita, namsihi asikione hicho ni nafasi tupu inayongoja matofali. Aulize wapangaji wake kwa nini walimchagua. Asicheke jibu lao kama mimi nilivyocheka.

Na wewe uliyesomeshwa na ndugu zako, unayeletewa barua na fomu za nyumba nzima uzisome, nakuomba kwa machozi... soma kilichoandikwa, uandike ulichoambiwa. Mwenzio hana namna ya kukukagua. Amekupa macho yake.

Ikiwa umeshateleza, na ndugu yako bado anakuita kwa jina lako, hata kama analiita kwa hasira, usingoje upate pesa wala maneno mazuri. Nenda kwake kesho asubuhi. Mimi nilikwenda nimechelewa, nikapokewa vizuri sana.